Siku Tuliyomficha Ng'ombe

Mtendaji wa kijiji alipita Jumatatu kutuambia kwamba Jumatano ofisa wa ustawi wa jamii atatoka Tukuyu kuja nyumbani kwetu, Nkunga. Hakusema anakuja kwa sababu gani. Nadhani naye hakujua. Alisema tu, "Siku hiyo usiende kuchuma chai, binti. Kaeni nyumbani, muonekane."

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Tulikuwa watoto watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kidato cha kwanza, na kitinda mimba wetu, msichana wa miaka mitatu, ambaye hakuwa akiishi nasi. Baba alitangulia kufa. Mama alimfuata baada ya miezi michache, hospitalini, wiki sita tangu amzae huyo wa mwisho. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la sita ili nimuuguze.

Muuguzi mmoja wa wodi ile ndiye aliyemnywesha mtoto maziwa siku ambazo mama hakuweza tena kumshika. Mama alipofariki, watu wa ustawi wakamkabidhi mtoto kwa muuguzi huyo na mumewe, fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai. Walitueleza vizuri kabisa, mimi na baba yangu mdogo: mtoto hajatolewa, amewekwa tu kwa malezi mpaka nyumbani patengemae, na ofisa atakuwa akienda kumtazama. Baba mdogo alikuwa na watoto wake tisa kule Masukulu. Aliitikia, kisha akaniambia mbele ya watu, "Msimamizi wa nyumba hii ni wewe. Siku utakayosema mtoto arudi, atarudi."

Nikasema, akianza kutembea nitamfuata. Akaanza kutembea. Nikasema, acha kwanza masika yapite, baridi isije ikampiga kifua. Kwetu mvua haina adabu ya kupita, kila mtu anajua.

Sasa kuhusu ng'ombe. Mama alituachia ng'ombe mmoja wa maziwa, jike jekundu lenye pembe moja iliyopinda kuelekea jicho. Ndiye aliyetuweka mjini, kama wasemavyo vijana. Siku hizo biashara zilikuwa zimeachiwa huru, na kila mwenye baiskeli na madumu mawili alikuwa mnunuzi wa maziwa. Alfajiri nilikamua, mdogo wangu akapeleka barabarani kabla ya kwenda shule, na maziwa yale ndiyo yaliyomlipia ada. Kuchuma chai kwangu kulitupa chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Migomba ilitulisha. Hatukuwa matajiri, lakini hatukuwa na njaa, na nataka hilo lisomeke mapema kabla sijaeleza tulilolifanya.

Miezi michache kabla ya ofisa kuja, walipita watu wa msaada wakiandika yatima. Waligawa mablanketi, unga na magunia ya mitumba. Kaya yenye ng'ombe waliiruka. Sisi tulirukwa. Nilisimama kwenye ua wa ofisi ya kijiji nikiwatazama watoto wenye wazazi wote wawili, ambao baba zao walikuwa wamepeleka ng'ombe kwa shemeji zao kwa siku mbili tu, wakiondoka na blanketi mabegani. Tangu siku hiyo, Nkunga nzima ilijua kwamba mgeni mwenye kalamu akija, ng'ombe hulala kwa jirani.

Jirani yetu alikuwa mama wa makamo, rafiki wa mama yangu, mwenye sauti ya kuitisha mkutano. Jumatano asubuhi alikuja mwenyewe na kamba mkononi.

"Ugonile, mwanangu. Yuko wapi bibi harusi?"

"Nani, mama?"

"Ng'ombe! Mlete aje kwangu kutembea. Leo usiwe mjinga kama siku ile."

Nilicheka. Mdogo wangu, aliyekuwa amebaki nyumbani kwa sababu mtendaji alitaka tuonekane wote, hakucheka. Alisema, "Dada, huyu si mtu wa mablanketi. Ni mtu wa serikali."

"Serikali ndiyo kabisa," jirani akamjibu. "Mtu wa mablanketi akiona ng'ombe anakuruka. Serikali ikiona ng'ombe inakutoza. Mfungue!"

Tukamfungua. Jirani akanitazama toka juu mpaka chini. "Na hilo gauni, unakwenda kipaimara? Vaa lile la shamba." Nikavaa la shamba. Tukatoa debe la maziwa mgando tukalifunika kwenye stoo yake. Paa letu lilivuja upande wa jikoni, tone moja moja tu. Jirani akaleta sufuria kubwa akaliweka katikati ya sebule, mahali ambapo hapakuvuja kabisa. Mdogo wangu alipouliza sufuria hilo linakinga nini, jirani alimwambia, "Linakinga maswali."

Ofisa alifika saa nne, kwa miguu, viatu vikiwa vimebeba udongo wa njia nzima kutoka barabarani. Alikuwa mtu mzima, mpole, amevaa koti la mvua la kijani na kubeba faili ndani ya mfuko wa nailoni. Kitu cha kwanza alichokitazama kilikuwa samadi mbichi uani.

"Mnafuga?" akauliza.

Kabla sijafungua mdomo jirani alishajibu. "Ng'ombe wa watu hao, bwana mkubwa. Wanapita tu. Hawana adabu, wanajisaidia kwa yatima."

Ofisa akaangalia samadi, akamwangalia jirani, akaandika. Wakati huohuo ng'ombe wetu, aliyezoea kunisikia nikizungumza, akalia kutoka nyuma ya migomba ya jirani.

"Huyo ni wangu," jirani akasema, akaondoka haraka kwenda kumnyamazisha.

Tuliingia ndani sisi watatu: ofisa, mdogo wangu na mimi. Ofisa aliketi kwenye kigoda, akaweka faili magotini. Aliuliza tunakula nini. Kwetu, mgeni akikuuliza mnaishije, huwezi kujibu kwamba mnashiba. Huko ni kujisifu, na anayejisifu humwita mchawi. Unasema, "Tupo tu. Tunajikongoja." Nilisema tunajikongoja. Aliuliza kama tuna maziwa. Nikasema mara moja moja, tukipewa na jirani. Aliuliza nani anatusaidia. Nikasema, Mungu. Yote hayo aliyaandika, na kila nilipoiona kalamu ikitembea nilifurahi, kwa maana siku ile ya mablanketi kalamu haikutembea kwetu.

Kisha akafunga kofia ya kalamu.

"Dada, nadhani hukuambiwa nimekuja kwa nini. Wale wanaomlea mdogo wenu wameomba kumuasili. Maana yake, mahakama ikikubali, atakuwa mtoto wao kisheria, kama waliomzaa. Jina lao, urithi kwao. Si kuazimana tena."

Mdogo wangu alinitazama. Mimi nilitazama sufuria.

"Lakini kabla sijaandika chochote kuhusu nyumba yao," ofisa akaendelea, "kazi yangu ya kwanza ni nyumba hii. Sitafuti nyumba nzuri zaidi. Natakiwa nione kama nyumba aliyotoka inaweza kumpokea tena. Kama inaweza, anarudi. Kama kuna kitu kidogo kinachokwamisha, ofisi inaweza kujaribu kusaidia. Ikishindikana kabisa ndipo tunakwenda kwenye hilo la kuasili. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Hilo ndilo ambalo miaka mingi sikumwambia mtu. Ningeweza kusema hapohapo, "Samahani, baba, tumekudanganya. Ng'ombe ni wetu, maziwa yapo, gauni langu zuri liko sandukuni." Angekasirika kidogo, labda angecheka. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba ilikuwa aibu tu. Msichana wa miaka kumi na minane, mkuu wa nyumba, kukiri mbele ya mtu wa serikali kwamba ni mwongo! Aibu ilikuwepo, sikatai. Lakini chini ya aibu palikuwa na kitu kingine, nacho kilikuja haraka sana, kama mtu aliyekuwa anasubiri mlangoni. Niliona yale maziwa. Mtoto wa miaka mitatu akirudi, maziwa ni yake kwanza. Na mimi sitakwenda tena kuchuma chai kila siku, kwa kuwa nani atabaki naye? Ada itatoka wapi? Mdogo wangu alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa sare ya sekondari. Nililiona hilo lote kabla ofisa hajamaliza kuuliza kama nimeelewa. Basi nikasema, "Nimeelewa, baba," nikanyamaza.

Aliniambia atarudi baada ya wiki tatu kunisomea alichoandika, kwa sababu hairuhusiwi kupeleka maneno ya mtu mahakamani bila mtu huyo kuyasikia.

Alipokwenda, mdogo wangu alilia. Alikuwa na miaka kumi na minne na hakuwa mtu wa kulia. "Si angerudi, dada? Si ungemwambia?"

"Nitamwambia atakaporudi," nilisema. "Leo tungeonekana wezi."

Jirani alirudi na ng'ombe, amefurahi. "Kaandika? Kaandika nini?" Nilipomweleza, alikaa chini palepale kwenye majani yenye maji. Akasema taratibu, kwa sauti ambayo sikuijua kwake, kama anayemwomba radhi marehemu mama, "Ndaga, mama yao. Nimekukosea." Kisha akanishika mkono. "Kesho uende Tukuyu. Mwambie ni mimi niliyewatia ujinga. Mwambie mama fulani ni mwongo, anifunge."

Sikwenda kesho yake. Nilikwenda wiki iliyofuata, nikiwa na mkungu wa ndizi kichwani, nikapita kwanza kwa yule muuguzi. Nilitaka kumwona mtoto, nipate nguvu ya kusema.

Nyumba yao ilikuwa ya kiwanda, ndogo, yenye maua ya makopo barazani. Muuguzi alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu, dada mkubwa. Mwone dada yako, mwone. Msalimie!" Mtoto alijificha nyuma ya kitenge chake. Alikuwa mnene, amepakwa mafuta, amevaa soksi. Nilimwita, hakuja. Nikamwonyesha ndizi moja iliyoiva. Akamwangalia muuguzi kwanza, akatikisiwa kichwa kwamba chukua, akaja akaichukua, akarudi mbio. Ndizi zetu, kutoka kwenye shamba la baba yake, aliomba ruhusa ya kuzila.

Muuguzi aliona uso wangu. Alisema, "Mimi sijakuibia, dada. Nisingependa uone hivyo. Ukisema arudi nitafunga nguo zake mwenyewe. Nitalia, lakini nitazifunga."

Ingekuwa afadhali kama angekuwa mwanamke mbaya.

Nikaenda boma. Nje ya ofisi ya ustawi palikuwa na benchi lenye watu watano. Nikakaa wa sita, mkungu miguuni. Ofisa alitoka kumsindikiza mtu, akaniona, akaniita kwa mkono: njoo. Nikaingia. Alisimama akisubiri nizungumze. Mvua ilianza kupiga bati, nikapata kisingizio cha kutosema kwa muda. Ilipopungua akasema, "Eeh, dada?"

Nikasema, "Nimekuletea ndizi, baba."

Alizitazama zile ndizi. "Ahsante sana. Lakini siruhusiwi kupokea kitu kwa mtu ambaye faili lake liko mezani kwangu. Si dharau. Ndiyo kazi." Kisha akauliza tena, polepole zaidi, "Hukuwa na neno jingine?"

"Sina, baba."

Nikajitwisha mkungu nikarudi nao Nkunga, mwendo wote ule, watu njiani wakiniuliza kwa nini narudisha ndizi nyumbani kama soko limefungwa.

Jirani aliponiona uani alielewa. Hakunisema. Alichosema kilikuwa kibaya zaidi: "Basi labda ni heri yake, mwanangu." Tangu siku hiyo wote tulianza kulisema hilo, heri yake, heri yake, isipokuwa mdogo wangu.

Wiki tatu zilipotimia ofisa alikuja, safari hii pamoja na baba mdogo aliyemleta kutoka Masukulu. Ng'ombe alikuwa kwa jirani tena. Ndiyo. Mara ya pili tulimpeleka, na mara hii jirani hakuja na kamba. Niliyemfungua ni mimi, mdogo wangu akiwa shule, na nilichagua saa ile makusudi.

Ofisa alitusomea kwa sauti, akisimama kila mwisho wa sentensi. Nyumba ya vyumba viwili, inavuja. Hakuna mfugo. Hakuna maziwa ya uhakika. Dada mkubwa ni kibarua wa kuchuma chai, hakumaliza elimu ya msingi, anamsomesha mdogo wake. Anampenda mtoto. Anaona hana uwezo. Baba mdogo alinitazama alipoyasikia hayo ya mfugo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemswaga ng'ombe yule kumleta kwa baba siku za nyuma. Alijua. Alisubiri nami nilijua anasubiri.

"Kuna la kusahihisha?" ofisa akauliza.

"Hakuna."

"Kuna la kuongeza? Hata dogo?"

"Hakuna, baba."

Akamgeukia baba mdogo. Baba mdogo alikohoa akasema yale aliyosema siku ya kwanza, ila sasa bila nguvu: "Msimamizi wa nyumba ni yeye." Akaweka dole gumba. Mimi niliweka sahihi, kwa sababu nilikuwa najua kuandika, na nilijivunia kujua kuandika.

Kabla ya kuondoka ofisa alinieleza yatakayofuata. Ataendelea kumtembelea mtoto kule kwa muuguzi. Ataandika taarifa. Shauri litakwenda Mahakama Kuu, Mbeya. Nikibadili mawazo kabla ya siku hiyo, nije, hata kama ni jana yake. "Baada ya hapo," alisema, "kumwona kutategemea wema wa wazazi wake." Alisema wazazi wake, kisha akanitazama kuona kama neno hilo limenichoma. Nasema haya ili mtu asije akasoma akadhani ofisi ilitudhulumu. Mtu yule alinifungulia mlango kila mara alipopata nafasi, na kila mara mimi niliurudisha kwa upole.

Ile "hata jana yake" ilinikalia miezi kadhaa. Kila nilipokamua nilisema, wiki hii. Siku moja mdogo wangu alikuja kutoka kupeleka maziwa akaniambia amekutana na fundi wa kiwandani, mume wa muuguzi, amesema mahakama imeshamaliza. Aliniambia akiwa amesimama, madumu matupu mkononi. Kisha akaosha madumu akaenda shule.

Alisoma. Akamaliza kidato cha nne, akaenda chuo cha ualimu, ni mwalimu mpaka leo. Ni mtu mzuri. Nilimwambia wakati ule kwamba nilimweleza ofisa habari za ng'ombe, na kwamba ofisa alisema ng'ombe mmoja hatoshi. Aliniamini. Mpaka anafika utu uzima alikuwa akisema, serikali ya siku zile, ng'ombe mmoja hakuwatosha!

Muuguzi na mumewe walikuwa wema kama nilivyoogopa. Walimleta mtoto kwetu kila Krismasi, na alipokua walimweleza ukweli wa kuzaliwa kwake. Mwaka jana alikuja peke yake, mwanamke mzima, mfamasia, amevaa viatu visivyofaa kwa njia yetu. Tulikuwa tunamenya ndizi jikoni. Akauliza, bila kuinua macho, "Dada, kweli mlishindwa kunilea?"

Nilikuwa na jibu lililozoea kutoka lenyewe. Lilifika mpaka kwenye meno. Nikaweka kisu chini nikamweleza yote: kamba ya jirani, sufuria, mguu niliomkanyaga mdogo wangu, ndizi nilizozirudisha, na siku ya pili niliyomfungua ng'ombe kwa mkono wangu. Nikamwambia, "Hatukushindwa. Nilichagua. Maziwa yalitosha mmoja, nikamchagua kaka yako."

Aliendelea kumenya, ndizi tatu au nne. Alimenya vibaya, akiacha nyama nyingi kwenye ganda, kama watu wa mjini. Nilitaka alie, au anitukane, ili nami nipate pa kulilia.

"Na kaka anajua?" akauliza.

"Hajui."

"Mwambie."

"Itamuumiza. Atajiona amekula chakula chako."

"Ndiyo maana uwe wewe," alisema. "Nikimwambia mimi, atadhani namdai."

Akaniuliza chumvi iko wapi. Tukapika, tukala, akalala siku mbili, akaondoka. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba, kwa kuwa niliogopa angesema ndiyo kwa adabu tu.

Kaka yake huja kila mwisho wa mwezi na sukari na magazeti. Amekuja mara tano tangu hapo. Mara zote tano nimemwandalia chai, nimeuliza habari za wanafunzi wake, nimemsindikiza mpaka barabarani. Sasa nimeandika. Akija tena nitampa karatasi hizi azisome mbele yangu, na mimi nitakaa palepale, sitakwenda jikoni.